Ncha ya Uzi

"Sumu hii imekuingia kidogo kidogo, kwa mdomo," daktari alimwambia fundi cherehani. "Ini limekwisha. Kwako wewe, kesho ni mbali."

Fundi hakukubali kulazwa. Alivaa koti lake, akatoka kumtafuta aliyemuua.

Njiani alimshuku muuza chai, akamshuku jirani, akamshuku hata mkewe, Mungu amsamehe. Kisha akafika kwenye karakana aliyoshona pamoja na mdogo wake.

"Kaka! Umepata nafuu?" mdogo wake aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Akaichovya ncha ya uzi ndani ya glasi ya maji.

Fundi akaikodolea macho glasi. Baba yao aliwafundisha wote wawili kuilowesha ncha kwa ulimi, na mdogo wake alikuwa akilamba nyuzi tangu utotoni. Hiyo glasi ilianza lini?

Fundi akakata uzi kwenye cherehani yake mwenyewe, akamwekea mdogo wake mkononi.

"Nitungie huu, mdogo wangu. Macho yangu hayaoni tena."

Mkono ukaifuata glasi. Fundi akaiwahi, akayamwaga maji sakafuni.

"Kwa mdomo. Kama baba."

Mdogo wake akaufumba mdomo, kama mtoto anayekataa dawa.