Shela la Mtani

Lusiana alilibwaga shela juu ya kaunta, nusura limwage chai ya mwenye duka.

"Lirudi Dar lilikotoka! Niliagiza shela, siyo chandarua!"

Na kweli chandarua kilikuwa na nafuu, maana hili lilikuwa limetoboka kwapani. Masoudi ndiye aliyepokea oda za watu pale Ruangwa: unamweleza unachotaka, anapiga simu Kariakoo, mzigo unateremka na basi. Ukishateremka, utajiju.

Masoudi akapiga funda la chai. "Kwani mama wewe kabila gani?"

"Mmakua. Kabila langu linahusu nini?"

"Haa! Mtani wangu! Mmakua na shela wapi na wapi? Si ungelitegea panya!"

Duka zima likaangua kicheko. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Kwa Mmwera alikuwa Mngoni. Leo, kwa Mmakua, kawa Myao. Ukimletea lalamiko analigeuza utani, na mtani hanuniwi. Unaingia na hasira, unatoka na aibu.

Lusiana hakucheka. Binti yake Beatrisi alikuwa anaolewa Jumamosi, pale pale Ruangwa. Bwana harusi alikuwa ameomba radhi kwamba machimbo yamekauka, shela alitafute mama. Na mawifi wa Beatrisi walishaanza kusema mtoto wa muuza kisamvu atawaaibisha kanisani.

"Masoudi, sitanii. Lete lingine, au futa oda unipe changu."

"Mtani akinuna anatozwa kuku!" Shakila, mteja mwenye mdomo wake, alidakia kutoka kwenye benchi. Kicheko kikaanza upya.

Hapo Lusiana akainua macho. Ukutani, ndani ya nailoni, lilining'inia shela jingine, jeupe pee, zito, shanga tupu kifuani.

"Haya, mtani," akasema polepole. "Hivi mtani akichukua cha mwenzie, anadaiwa?"

"Hadaiwi!" benchi zima likaitikia.

Akapanda kreti la soda, akaliangua lile shela, akalikumbatia.

Masoudi aliruka kaunta. "Hilo lina mwenyewe! Weka chini, mwizi mkubwa wewe!"

"Heee! Mtani kanuna!" Shakila akajipachika mlangoni, mikono kiunoni. "Kuku huyo!"

Watu wakamzingira Masoudi, wengine walikuwa na viporo vyao naye: huyu redio iliyokuja bubu, yule viatu vyote vya kushoto. Wakamzomea mpaka akatota jasho. Lusiana alishafika barabarani, anatembea kwa madaha utadhani anaolewa yeye.

"Mama, nakuomba!" Masoudi alipaza sauti juu ya vichwa vya watu, Uyao umemtoka, Ungoni umemtoka. "Mwenyewe anakuja kulichukua leo hii! Anaoa Jumamosi, kule Nachingwea!"

"Mwambie chandarua kinamtosha mkewe!" Lusiana akamjibu bila kugeuka. "Ni mwanamume gani huyo, nikamsalimie?"

"Emmanuel wa Namungo! Yule mchimbaji mwenye jino la dhahabu!"

Lusiana akasimama katikati ya barabara. Huyo ndiye mkwe aliyeahidi kumngoja Beatrisi kanisani, Jumamosi hiyo hiyo.