Jina Moja Kwenye Kioo

Fundi alipoipanga mashine ya biskuti, kwenye kioo cha kuchagua mwendeshaji aliweka jina moja tu: Tunu. Alidhani anamheshimu. Tunu naye alitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka leo binti yake aliposhikwa na uchungu wa uzazi wa kwanza. Jina la Tunu lisipobonyezwa kila mara, mashine inazima na unga wote unaharibika.

"Nenda, shoga," Mashavu, mwenzake wa zamu, akamwambia. "Nitakubonyezea jina mimi. Mashine itajuaje kidole cha nani?"

Tunu akavua aproni, akakimbia mpaka getini. Mlinzi akatazama kioo kidogo cha geti lake.

"Dada, hutoki. Tunu yuko ndani anaoka."

"Tunu si ndiye mimi, baba!"

"Nakuona. Lakini geti halinisikilizi mimi, linasikiliza mashine. Mpigie mwenzio akutoe kwenye mashine, izime, unga umwagwe. Ila kesho usije kutafuta kazi hapa."

Simu ikalia mkononi: mkwewe. Tunu akashika nondo za geti. Huko ndani mashine ilinguruma vizuri, na harufu ikamjia, tamu, ya biskuti zinazookwa kwa jina lake.