Tereza Anarudi Shule

Machibya mwenyewe ndiye aliyefunga begi la mkewe kwenye pikipiki.

Tereza alisimama mlangoni, haamini. Alitarajia kuchapwa fimbo. Alikuwa na miaka kumi na saba, miwili ameimalizia hapo Usagara kwa mwanamume anayelingana na baba yake, na kila alipotaja shule alilala kifudifudi kwa maumivu ya mgongo. Safari hii mwanamume alicheka tu.

"Nenda kasome, mwanafunzi. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ng'ombe."

Ndiyo mila: aliyetoa ng'ombe wa mahari ndiye mwenye mtoto. Sheria zina mihuri, ng'ombe wana pembe. Tereza alimnyonyesha mwanawe mara ya mwisho, akapanda pikipiki, hakugeuka.

Nyumbani kwao, huko Igoma, baba yake, mzee Luhaga, alimpokea kwa bashasha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu nyumbani."

"Baba, si atadai ng'ombe wake?"

"Awadai wapi? Si walikwenda kwenye mahari ya kaka yako Nestory! Ng'ombe wakishaingia zizi la watu hawatoki. Wewe soma. Mimi na Machibya tumemalizana kiume."

Mama akatoa sare: sketi na blauzi za Rose, mdogo wake Tereza, zimeshapigwa pasi. Zilimkaa vizuri kabisa.

"Na Rose atavaa nini?"

"Anazo nyingine." Mama alikuwa anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. "Yuko Butimba kwa shangazi yake."

Jumatatu Tereza aliketi kidato cha pili, katikati ya watoto wenye midomo.

"Mama, leo umetuachia mboga gani?" mmoja aliuliza, darasa zima likaangua kicheko.

Hakujali. Walimchapa watu wazima akanyamaza, sembuse hawa. Aliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Lakini ilipofika mchana maziwa yalimlowesha blauzi, moyo ukamshinda. Akaazima simu ya mwalimu, akampigia Machibya.

Simu ikapokelewa.

"Ni Tereza. Naomba nimsikie mwanangu."

"Shikamoo dada, ni mimi Rose," sauti nyembamba ilijibu. "Mtoto amekunywa uji, amelala." Ikavuta kamasi. "Baba kanileta juzi. Wamesema hapa ndiyo kwangu."