Kisu na Kabichi

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za filamu. Siku hiyo tulikuwa na tukio la kijana anayemchoma rafiki yake kisu huku akijirekodi kwa simu, na mlio wa kisu nilikuwa nautoa kwenye kabichi.

Binti yangu wa miaka kumi na sita ndiye aliyenishikia maikrofoni. Alimtazama yule rafiki akianguka kwenye skrini mara kumi na moja, na chingamu yake hakuacha kuitafuna.

"Humwonei huruma?" nikamuuliza.

"Ni picha tu, Baba. Halafu kabichi yako imenyauka, haina mlio."

Nikachukua nyingine, nikaichoma kisu kwa nguvu. Kikateleza, kikanichana kidole gumba. Damu ikatiririka juu ya majani meupe.

Maikrofoni ikaanguka. Kabla sijajua hili wala lile, alikuwa amekizungushia kidole kitambaa chake cha kichwa na kukibana kwa mikono yote miwili.

"Kidonda kidogo tu, mama," nikambembeleza.

Tulipomaliza kukifunga, tukasikiliza mashine ilichonasa. Kisu hakikusikika kabisa. Kulikuwa na kishindo cha maikrofoni, kisha sauti ikiita "Baba" vilevile alivyokuwa akiniita alipokuwa na miaka minne, akiogopa giza.

Akaangalia chini. "Ifute hiyo."

"Naifuta," nikasema, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi.