Jani la Kwenye Ndoo

Yusta alitua ndoo kando ya chemchemi iliyokauka, akaona jani la kangaga lililoelea juu ya maji limekunjuka.

Mchana alikuwa amelichuma hapa hapa, kwenye miamba yanakoota makangaga. Wanawake wa Shume huweka jani juu ya maji ili yasimwagike njiani, na kwa ukame huu hakupata jani bichi. Lilikuwa la kahawia, limejikunja kama ngumi. Saa mbili za kupanda kutoka mtoni, na sasa lilikuwa la kijani, laini kama sikio la ndama.

Jana, akiwa mwenyekiti wa kamati ya maji, aliwaambia watu makangaga yamekufa, na pasipo makangaga hapana chemchemi. Basi wapafyeke, walime.

Shemeji yake alikuwa ameshalundika majani makavu kando ya miamba. Mkononi alishika kiberiti.

"Shemeji, ngoja. Makangaga haya hayajafa."

"Si wewe uliyesema yamekufa? Watu wameshagawana vipande vya kulima kabichi."

"Nilikosea."

"Basi ukaseme hivyo mkutanoni."

Akawasha. Moto ukashika ukingo wa lundo na kuanza kutambaa kuelekea kwenye makangaga ya miambani.

Yusta akaitazama ndoo. Ndiyo maji yote ya leo, ya uji wa watoto na ya mama mkwe kumezea dawa, na jua lilikuwa linazama.

Akalitoa jani, akalibana kwa meno, akainua ndoo, akauendea moto.