Kasida Zilizosafishwa

Fundi Nassoro aliiweka kompyuta mpya mezani kwa Bi Siajabu. Ilikuwa ndogo kama kopo la biskuti, ya bei nafuu kuliko zote dukani, na ya aina tofauti kabisa na ile kuukuu ya marehemu mumewe.

“Hii haifungui mafaili ya ile ya zamani, mama. Nimeshinda kutwa nikikubadilishia kasida alizojirekodi mzee, moja moja.”

“Mungu akuzidishie, mwanangu.”

Fundi akabonyeza. Sauti ya mzee ikajaa chumbani. Bi Siajabu akafumba macho, akangoja ubeti wa pili, pale mumewe alipokohoa na kuita, “Siajabu, maji.” Kasida ikapita bila kusita.

“Mbona hajaita?”

“Nimekutolea makelele yote,” akasema Nassoro, akitabasamu. “Vikohozi, na ule wito wa maji. Zote sasa safi.”

“Na ile kompyuta yake?”

“Si ndiyo tuliyowaachia dukani ili hii ipungue bei? Nimeifuta, nao wameshaifungua kutoa vipuri.”

Bi Siajabu akamshukuru tena, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akajaza maji kikombeni, akarudi kukaa mbele ya kompyuta, akiwa amekishika kwa mikono miwili, kasida ikianza upya.