Siku Ryoba Alipougua Moyo

Asubuhi ya kuanza palizi, Ryoba akaugua moyo.

Mkewe, Agustina, alikuwa ameshanoa jembe. Alisimama mlangoni akimtazama mumewe aliyejifunika shuka hadi kidevuni, mashavu yamemnona, na sahani ya ugali wa jana ameiacha nyeupe.

"Unaumwa nini?"

"Moyo, Mama Irine. Unakimbia bila sababu. Nikilala chali pumzi inakata. Jioni miguu inavimba."

"Na huo ni ugonjwa? Hata mimi miguu inavimba, na pumzi inakata tangu yale mafua. Umeniona nimelala?"

"Ni mafua hayo hayo. Daktari anasema virusi vikikupiga sana vinaweza kuacha moyo umevimba. Ukifanya kazi nzito, unaanguka."

"Daktari gani?"

Ryoba akageukia ukutani.

Mafua hayo yaliwapiga wote wawili mwezi uliopita. Ryoba alilala wiki nzima akilalamika mpaka mbuzi wakamwonea huruma. Agustina alilala siku moja, tena nusu, akarudi kwenye migomba yake. Kijiji kizima cha Nyamwaga kinamjua: mwambie apumzike, atakuuliza kama ni wewe utakayempalilia. Kitu asichokivumilia duniani ni mvivu, na leo amemkuta kwenye kitanda chake mwenyewe. Hasira zilimpanda.

"Inuka. Twende hospitali, daktari aniambie uongo wako mbele yako."

Ryoba aliinuka upesi mno kwa mgonjwa.

Njiani jirani yao, Gidion, aliyemsikia Agustina akifoka, alipaza sauti kutoka shambani. "Ryoba! Huo moyo uliliona jembe?"

Kwa mwanamume wa Kikurya, kuchekwa hivyo mbele ya mkewe si jambo dogo. Ryoba akapita.

Agustina alimsema kilima kizima. Kila maneno yalipomkatikia, Ryoba alishika kifua chake. "Tupumzike kidogo, Mama Irine." Agustina ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa, akihema, huku akimlaumu kwa kumchelewesha. Kisha akavua kandambili zilizokuwa zikimbana.

Hospitalini aliingia mbele, mumewe nyuma. "Daktari, nakuletea mvivu. Anasema ana moyo. Mpime!"

Daktari, kijana mpole, aliwaamkia wote wawili. Alitazama miguu ya Agustina, akamwomba apande kitandani.

"Si mimi! Mgonjwa ni huyu!"

Kijana alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, leo hurudi nyumbani. Tunakulaza. Ila umewahi, tutakutibu."

Agustina alianza kushuka kitandani. Daktari akamgeukia Ryoba.

"Mzee, juzi ulipokuja ulisema kumleta mama hapa haiwezekani kabisa. Umemletaje?"

"Nimeugua," Ryoba akasema.